Diski Itakayotangulia

Kompyuta ya mezani ya zamani iliyofungwa diski mbili, kila moja ikiwa na mfumo endeshi wake uliokamilika, na kila moja ikiweza kuishika mashine nzima peke yake bila ya msaada wa mwenziwe, hukabiliwa kila inapowashwa na swali ambalo haina budi kulijibu kabla haijajua lolote jingine: ni diski ipi iitwe mbele. Swali hilo halijibiwi na diski, kwa kuwa saa hiyo diski ndiyo kwanza zinapata umeme na hazijasema neno. Halijibiwi na Windows wala na Linux, kwa kuwa hizo zingali zimelala ndani ya diski hizo hizo. Wala halijibiwi na mwenye mashine, ambaye aghalabu amekwisha bonyeza kitufe akaondoka zake kutafuta chai. Hujibiwa na programu ndogo iliyohifadhiwa katika kidude cheusi juu ya mazabodi, ile ambayo mafundi huiita bayosi, nayo jibu lake hulisoma katika orodha iliyopangwa zamani, ama kiwandani, ama kwa mkono wa mtu.

Jambo hili laweza kuonekana dogo, nami sikusudii kulikuza kupita kimo chake. Lakini katika taratibu zote za mashine hizi sijaona nyingine ambayo mamlaka hutolewa kwa insafu ya namna hii: atoaye mamlaka hana faida yoyote katika kuyatoa, na wanaoyataka hawajaamka bado hata wakaweza kumshawishi. Bayosi haijui kilichomo ndani ya diski. Haijui kusoma faili, haijui tofauti ya barua na picha, wala haijali kama mfumo unaokaribia kushika hatamu ni mpya au ni mkongwe. Ijualo ni kwamba ziko diski kadha wa kadha, majina yao ni haya, na zimepangwa kwa taratibu hii.

Hapo mwanzo hapakuwa na la kuchagua. Kompyuta ya IBM iliyotolewa Marekani mwezi wa Agosti 1981, ambayo kwayo nasaba ya takriban kila kompyuta ya mezani tunayoijua huanzia, haikuwa na diski ngumu kabisa. Ilisoma diski laini, na isipoipata ilijifungulia lugha ya BASIC iliyokuwamo katika kumbukumbu yake ya kudumu, ikamngoja mtu aandike. Mwaka wa 1983 ikaja iliyoitwa XT, na ndani yake diski ngumu ya megabaiti 10, kiasi ambacho leo hujazwa na nyimbo mbili tatu. Na siku hiyo ndipo swali lilipozaliwa, maana sasa milango ya kuingilia ilikuwa miwili. IBM walilijibu kwa niaba ya watu wote: itazamwe kwanza diski laini, yenye herufi A, na isipokuwamo, ndipo iitwe diski ngumu, yenye herufi C. Jibu hilo lilikuwa limefungiwa ndani ya kidude chenyewe, na mwenye mashine hakuwa na hiari ya kuligeuza.

Hekima ya jibu hilo ilikuwa dhahiri, kwa sababu diski ngumu ikiharibika sharti mtu awe na njia nyingine ya kuingia ili aitengeneze. Walakini njia hiyo hiyo ilipitwa na wasiotakiwa. Mwaka wa 1986 ndugu wawili wa mji wa Lahore, Pakistani, walitunga virusi vilivyojulikana kwa jina la Brain, ambavyo makao yake yalikuwa katika sekta ya kwanza ya diski laini; na miaka mitano baadaye vikaonekana vingine vilivyopewa jina la Michelangelo, vilivyohamia katika sekta ya kwanza ya diski ngumu na kungoja tarehe 6 Machi, siku aliyozaliwa msanii huyo wa Italia, ili viharibu kilichomo. Mtu alikuwa akisahau diski laini ya barua zake ndani ya mashine, na kesho yake anapoiwasha, mashine, kwa kuitii amri ya kuitazama A kwanza, ikaendesha kilichokuwamo katika sekta ile, kisha ikamwandikia kwa upole kwamba diski hii si ya mfumo, aitoe na abonyeze kitufe chochote. Naye akaitoa, akabonyeza, akaendelea na kazi zake, asijue kwamba katika muda ule mfupi virusi vimekwisha kaa katika diski yake ngumu. Diski ile laini haikuhitaji kuwa na mfumo wowote. Ilitosha kwamba ilitangulia.

Katika miaka ya 1990 ndipo waundaji wa bayosi walipomrudishia mwenye mashine hiari yake, kwanza kwa kumpa uchaguzi mfupi wa A kabla ya C au C kabla ya A, kisha kwa upana zaidi. Mwaka wa 1995 kampuni za Phoenix na IBM zilitoa taratibu ya kubuti, yaani kuuwasha mfumo endeshi, kutoka katika sidii, ikaitwa El Torito, jina la mkahawa wa Kalifonia ambamo, kama isimuliwavyo, wahandisi wake waliketi wakaibuni huku wakila. (Ningependa sana kuamini kisa hicho, maana si mambo mengi ya kompyuta yaliyozaliwa mezani pa chakula.) Mwaka uliofuata Compaq, Phoenix na Intel zikakubaliana kanuni za jinsi bayosi itakavyovitambua vifaa vyote viwezavyo kubutiwa na kuviweka katika orodha ambayo mtu aweza kuipanga apendavyo. Kanuni hizo za 1996 ndizo zilizo nyuma ya skrini ambazo mafundi wetu huzifungua hadi leo katika mashine kuukuu zinazoletwa kutoka maofisi ya ng'ambo na kuuzwa madukani Kariakoo na kwingineko.

Namna diski inavyokubaliwa ni ya kustaajabisha kwa wepesi wake. Bayosi husoma sekta ya kwanza ya diski iliyoko juu ya orodha, baiti 512 na si zaidi, na kuiweka katika memori kwenye anwani 7C00, anwani iliyoteuliwa katika kompyuta ile ya 1981 na ambayo bayosi hazikuihama. Katika baiti hizo, 446 ni za programu ya kuanzishia. 64 ni za jedwali la patisheni nne, kila patisheni ikipata baiti 16. Na zinazobakia ni mbili tu, ambazo lazima ziwe 55 na AA kwa hesabu ya kumi na sita. Zikiandikwa kwa sifuri na moja, kama mashine yenyewe izionavyo, ya kwanza huwa 01010101 na ya pili 10101010. Aghalabu bayosi hulinganisha baiti hizo mbili peke yake. Ikizikuta, huiachia diski hiyo kila kitu, memori, kibodi, skrini na diski nyingine zote, wala haiulizi tena. Hali yake ni ya bawabu wa jumba kubwa aliyeamriwa amruhusu kila ajaye na barua yenye muhuri, asipewe ruhusa ya kuifungua barua, na lau angalipewa isingalimfaa, kwani hajui kusoma.

Kutokana na hayo hufuata jambo ambalo watu wengi hawalitambui mpaka liwafike. Diski isiyo na muhuri hurukwa, na ya pili yake hujaribiwa. Lakini diski iliyooza ndani, ambayo faili zake za mfumo zimefutika ilhali muhuri wake ungali mzima, hukabidhiwa mashine kana kwamba ni nzima, na ikishindwa kuendelea huandika mstari mmoja wa malalamiko na kukwama hapo hapo, ingawa kando yake, shubiri moja tu, iko diski salama yenye mfumo ulio tayari. Bayosi haitarudi nyuma kumtafuta mwingine. Ilikwisha toa mamlaka, na mamlaka hayo hayana kurejeshwa mpaka mashine iwashwe upya. Kwa hiyo hakuna busara ya mashine iwezayo kuchukua mahali pa mtu katika kuipanga orodha hii. Maana ni mtu peke yake ajuaye diski ipi ni nzima.

Katika karakana moja ya Unguja, katika vichochoro vya nyuma ya Darajani, nilipata kuketi wakati mwalimu mmoja mstaafu alipoleta kompyuta yake, mashine nzito ya rangi ya kijivu ambayo ilikuwa imeongezewa SSD mpya ya gigabaiti 240, imepigwa Windows mahali pengine, na ambayo, licha ya hayo yote, kila ikiwashwa ilimletea mezani picha ile ile ya zamani na uzito ule ule wa zamani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nitazamie hii. Diski mpya nimeilipia, na mambo ni yale yale."

Fundi aliiwasha, akatazama, akaizima. "Mpya imo, Mwalimu, inaonekana. Lakini haijaambiwa itangulie. Ile kuukuu ndiyo inayoitwa kwanza."

"Basi ing'oe hiyo kuukuu, tuondokane nayo."

"Tukiing'oa na mitihani yako yote inakwenda nayo. Iache ikae, Mwalimu. Tunaishusha daraja tu."

Akaiwasha tena huku kidole chake kikigonga kitufe cha kufutia mfululizo, maana nafasi ya kuingia katika bayosi ni ya sekunde chache na mashine haimngojei mtu. (Nyingine hutaka F2, nyingine F10, na ziko ambazo F12 au F9 hufungua orodha ya kuchagua kwa mara moja tu bila ya kubadili mpango, jambo linalofaa sana kwa majaribio.) Ikaja skrini ya buluu yenye maandishi meupe na ya manjano. Akaingia katika ukurasa wa mpango wa kubuti, na hapo mwalimu, ambaye alikuwa amevaa miwani yake na kusogea, akaonyesha kwa kidole: kifaa cha kwanza kimeandikwa diski ngumu, cha pili sidii, sasa taabu iko wapi?

Taabu iko katika kwamba orodha ni mbili, na hapa ndipo wengi hupotea. Orodha ya kwanza hupanga aina za vifaa: diski laini, sidii, diski ngumu, kana kwamba kila aina ina kifaa kimoja tu. Orodha ya pili, ambayo katika bayosi nyingi imefichwa katika ukurasa mwingine au ndani ya mstari usioonyesha kuwa unafunguka, ndiyo ipangayo diski ngumu zenyewe kwa zenyewe. Na diski iliyo juu katika orodha hii ya pili ndiyo peke yake inayowakilisha aina yake katika ile ya kwanza. Mtu aweza kuiweka diski ngumu mbele ya kila kitu, akahifadhi, akawasha na kuzima mchana kutwa, asipate alitakalo, kwa sababu aliyoipa utangulizi ni aina, ilhali alichotaka kukitanguliza ni kitu kimoja katika aina hiyo. Fauka ya hayo, bayosi nyingi huihesabu fleshi ya USB kuwa diski ngumu, na ziko ambazo fleshi ikichomekwa huipandisha juu zenyewe. Kisha ikichomolewa, mpango unaobakia si ule ulioachwa jana.

Fundi akaifungua orodha ya pili. Humo hamkuandikwa mpya wala kuukuu, wala hamkuwa na dalili yoyote ya mitihani. Ilikuwa ni mistari miwili ya herufi na nambari, ya juu ikiwa ST3160815AS. Mwenye mazoea huisoma bila taabu: ST ni Seagate, 160 ni gigabaiti zake. Hiyo ndiyo kuukuu. Akaushusha mshale hadi mstari wa pili, akabonyeza alama ya kujumlisha mara moja, na mistari ikabadilishana mahali bila ya sauti wala sherehe. F10, kisha Y. Mashine ikajizima na kujiwasha, na safari hii mezani pakaja picha nyingine. Mwalimu akauliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kudanganywa, kama mitihani ipo. Ilikuwepo, katika herufi D.

Herufi hiyo, na kubadilika kwake, yaonyesha jambo ambalo kwangu mimi ndilo lenye ladha kuliko yote katika maudhui haya. Bayosi huzijulisha diski kwa mfumo kwa njia ya nambari: ya kwanza 80, ya pili 81, kwa hesabu ile ile ya kumi na sita. Mtu angedhani nambari hizo zimechorwa katika diski tangu kuumbwa kwake, lakini sivyo. Katika bayosi zinazofuata kanuni zile za 1996, diski iliyopandishwa juu ndiyo inayopewa 80, na iliyokuwa 80 jana ndiyo 81 leo, ingawa hakuna kebo iliyoguswa wala baiti iliyosogea. Kuwa ya kwanza si tabia ya diski. Ni daraja inayotolewa upya kila asubuhi. Na mifumo isiyolijua hilo huaibika: GRUB, programu ya kuanzishia ya Linux, iliyoandikiwa itafute katika diski iitwayo hd1 huikuta hd1 imekuwa nyingine, na Windows XP, ambayo katika faili yake ya boot.ini huhifadhi nambari ya diski yake, huenda ikajitafuta mahali isipokuwepo, ilhali yenyewe ndiyo inayotafuta. Katika enzi za kebo pana za IDE, zenye pini 40 na kubeba diski mbili mbili, watu walikuwa wakihangaika na jampa nyuma ya diski kwa kudhani kwamba hapo ndipo utangulizi unapoamuliwa; lakini jampa ilitenga tu nafasi mbili za kebo moja zisigongane, na kebo za SATA, zilizokuja mwaka wa 2003 zikiwa kila moja na diski yake, zikaiondoa dhana hiyo kabisa.

Na orodha yenyewe imeandikwa wapi? Si katika kidude cha kudumu, bali katika kumbukumbu ndogo ambayo hudumu kwa fadhila ya betri ya duara, CR2032, ya volti 3 na upana wa milimita 20. Asili ya kumbukumbu hiyo ni kompyuta ya IBM ya 1984 iliyoitwa AT, ambayo ilikuwa na baiti 64 za kumbukumbu ya namna hii, 14 katika hizo zikiwa za saa na kalenda. Mashine ikiwa imechomekwa ukutani, betri hupumzika. Ikichomolewa na kuwekwa stoo miezi na miezi, betri ndiyo huubeba mzigo peke yake mpaka inakwisha. Kisha siku mashine inapowashwa tena, tarehe imerudi nyuma miaka mingi, na mpango wa diski umerudi ulivyotoka kiwandani, na kuukuu, ikiwa ndiyo iliyo katika tundu la kwanza, imerudi juu. Watu hupiga Windows upya kwa maradhi haya, wakapoteza siku nzima na wakati mwingine na nyaraka zao, na dawa yake ni betri inayouzwa katika kila duka la saa.

Mashine za siku hizi zimeacha mambo haya. Bayosi ya kale haikuweza kubuti diski iliyozidi terabaiti 2.2 ikatumika yote, kwa kuwa jedwali lile la baiti 64 halina nafasi ya kuhesabu zaidi ya hapo. Na Intel ilitangaza mwaka wa 2017 kwamba itaacha kuitegemeza kufikia 2020. Iliyoshika mahali pake, UEFI, ina elimu kubwa zaidi: hujua kusoma faili, na hata saini ya programu huweza kuikagua, siyo muhuri wa baiti mbili. Sina ugomvi na hayo, na aliyewahi kuteswa na virusi vya sekta ya kwanza hatalilia kuondoka kwa bayosi hiyo. Liko lakini moja tu. Katika UEFI orodha si ya diski tena, bali ni ya programu za kuanzishia zilizoandikishwa kwa majina, na mfumo endeshi wenyewe, ukiisha kuwaka, unaweza kuandika jina lake katika orodha hiyo na kujipandisha juu. Wenye mifumo miwili katika mashine moja wanayajua hayo: mtu hulala akiwa amepanga hivi, na baada ya masasisho ya usiku akaamka akikuta mmoja wao umejitanguliza. Katika bayosi ya zamani, kwa desturi ya kazi yake, orodha ile haikuandikwa na wagombea. Iliandikwa na kidole cha mtu juu ya alama ya kujumlisha, wakati diski zote zikiwa kimya. Napendelea utaratibu huo wa zamani, pamoja na ujinga wake.

Kwa yule ambaye bado anayo mashine ya namna hii na anakusudia kuiongezea diski, liko jambo ambalo mafundi waangalifu hulifanya na wenye haraka hulidharau. Windows inapopigwa katika diski ya pili ilhali ya kwanza ingali imeunganishwa, faili zake za kuanzishia mara nyingi huwekwa katika patisheni tendaji ya ile iliyo mbele katika mpango wa bayosi, na mfumo uliobakia huwekwa pale mtu alipopachagua. Kila kitu hufanya kazi vizuri, pengine kwa miaka, mpaka siku diski kuukuu itakapokufa au kutolewa. Na hapo diski mpya, nzima, yenye kila kitu cha mwenyewe, haiwaki, kwa sababu mlango wake ulikuwa katika nyumba ya jirani. Basi kabla ya kupiga Windows, izimwe mashine, kebo ya diski kuukuu ichomolewe, ipigwe Windows katika ile mpya ikiwa peke yake, na ikiisha kuwaka mara mbili tatu bila ya kasoro, ndipo ile nyingine irudishwe, na orodha zote mbili, si moja, zitazamwe upya.